Nisiponyoa ni mchafu, nikinyoa ni chombo?

Swali la msomaji wa Tanga:

Shikamoo mama. Nina miaka 29 na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mume wangu yuko Dar kikazi, anarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Zamani nilikuwa nanyoa kama kawaida, lakini tumbo lilipokua nikawa sioni chini, nikaacha. Mwezi uliopita alinuna, akasema anaona kinyaa. Aliporudi Dar akanitumia picha za wanawake kwenye simu, chini yake ameandika: "Ona wenzako." Juzi nikanunua krimu ya kuondolea nywele, nikaiacha muda mrefu ili iondoe vizuri, sasa nimeungua kinenani na kwenye paja. Wifi yangu anasema mke asiyejisafisha anamfukuza mumewe kwa mkono wake, tena anasema ipo hadithi ya Mtume kuhusu mke kunyoa mume anaporudi safari. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anasema nikinyoa kwa ajili ya mwanamume nimekubali kuwa chombo cha starehe. Je, nywele ni uchafu? Nikinyoa nimejidhalilisha? Na siku ya kujifungua manesi si watanisema?

Jibu la mkunga:

Marahaba mwanangu, na pole. Tuanze na kidonda, mengine yatasubiri.

Osha palipoungua kwa maji safi ya kawaida, bila sabuni ya manukato. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo tu, na ukiwa nyumbani jifunge kanga bila chupi ili pahali papate hewa. Usipake dawa ya meno, wala spiriti, wala limau, wala zile krimu za kuchanganya zinazouzwa kwa jina la kuondoa madoa. Maumivu yakizidi meza paracetamol. Diklofenaki na ndugu zake usiziguse, kwa mimba ya umri huo zinaweza kumdhuru mtoto. Ukiona usaha, wekundu au uvimbe unaosambaa, au ukapata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Uelewe pia kilichokupata, kwa sababu wengi husema krimu "imewakataa". Krimu hizi zina kemikali kali inayolainisha na kukata protini ya unywele, keratini. Ngozi yako ya juu nayo imejengwa kwa keratini hiyohiyo. Krimu haijui unywele unaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Kinachokulinda ni zile dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Zikipita, imeshahamia kwako. Na ngozi ya mjamzito mara nyingi huwa nyepesi kukasirika. Kwa hiyo krimu iweke kando kabisa mpaka baada ya uzazi.

Sasa uchafu. Nywele si uchafu, na hili ni suala la mwili, halina upande wa mume wala wa wifi. Jasho la kwapani na kinenani hutoka kwenye tezi maalumu zinazoanza kazi tunapobalehe, na linapotoka halina harufu ya kutajika. Harufu huja bakteria wa kwenye ngozi wanapolichachua. Kwapani nywele nyingi hushika jasho, ndiyo maana ukinyoa sabuni inafika vizuri na harufu hupungua. Huko chini nywele hupunguza msuguano wa ngozi na ngozi, na wa ngozi na nguo. Maji na sabuni laini kwa nje vinatosha. Ndani hakuhitaji sabuni, limau wala kufukizwa. Kunajisafisha kwenyewe, na anayekuingilia na dawa za kusafisha huko anakuondolea bakteria wazuri wanaokulinda.

Ipo faida moja ya kweli ya kutokuwa na nywele, kwamba chawa wa sehemu za siri hawapati pa kushika. Hasara zake nazijua zaidi, maana ndizo zinazoletwa kliniki. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na kila mkwaruzo ni mlango. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili, unywele uliokatwa chini kabisa ukianza kuota hujikunja na kurudi kuichoma ngozi, ndipo vinapotoka vile vipele vyenye ncha nyeupe. Vikipona vinaacha madoa meusi. Kisha mwanamke huyohuyo anaambiwa mapaja yake meusi ni uchafu, anauziwa krimu ya kuondoa alama zilizoachwa na wembe. Biashara nzuri hiyo.

Mwaka 2016 jarida la madaktari wa ngozi la Marekani, JAMA Dermatology, lilitoa utafiti wa wanawake 3,316 wa nchi hiyo. Karibu 84 katika kila 100 walikuwa wamewahi kunyoa au kupunguza nywele za sehemu za siri, na walipoulizwa sababu, asilimia 59 walitaja usafi. Mwaka uliofuata jarida hilohilo likachapisha utafiti mwingine, safari hii wa wanawake na wanaume, ukaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne wanaonyoa huko amewahi kujiumiza, wengi kwa kujikata, wengine kwa kujiunguza. Kwa hiyo hauko peke yako, wala si uzembe wako. Watu wengi sana wanatoka damu wakitafuta usafi ambao maji na sabuni vilikuwa vimekwisha kuwapa.

Lakini kusema nywele si uchafu hakumaanishi kwamba kunyoa ni kosa, na hapa ndipo mimi na rafiki yako wa chuo tunapoanza kuachana njia.

Kwetu Pwani kunyoa si habari ya jana. Waislamu tunakujua kuwa ni sunna ya fitra, yaani usafi wa maumbile, pamoja na kukata kucha, kupunguza masharubu, kunyofoa nywele za kwapa na kutahiri. Ni hadithi ya Abu Huraira, vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim vyote vinayo. Na katika Sahihi Muslim, Anas bin Malik anasema waliwekewa muda, mambo hayo yasiachwe kupita siku 40. Angalia kilichomo. Orodha ina masharubu. Mwanamume yumo humo kama ulivyomo wewe, kwa wembe uleule na kwa siku zilezile. Na kikomo ni siku 40. Hakuna mahali ulipodaiwa ngozi iwe kama kioo kila mwisho wa mwezi basi la Dar linapoingia stendi.

Hadithi anayoitaja wifi yako ipo kweli, ni ya Jabir bin Abdillahi. Watu walikuwa wanarudi safari, wamekaribia mji, kila mmoja anataka kukimbilia kwake. Mtume akawaambia wangoje kidogo, ili mke aliyetimka nywele apate kuzichana, na ambaye mumewe hakuwepo apate kunyoa. Isome tena taratibu uone amri imemwendea nani. Waliosimamishwa njiani ni wanaume. Mke amepewa nafasi na muda, kwa heshima. Humo hamna kununa, hamna kinyaa, na hamna kulinganishwa na mke wa mtu. Ibn Abbas naye amenukuliwa, katika tafsiri ya aya ya 228 ya Suratul Baqara, akisema kwamba anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Wifi yako akitaka kusoma, asome kurasa zote mbili.

Na zaidi ya dini kuna mafundisho yetu wenyewe. Bibi harusi wa Pwani anasingwa kwa singo na liwa mpaka ngozi inang'aa, ananyolewa, anapakwa hina na piko. Wapo wanaoondoa nywele kwa sukari iliyochemshwa na ndimu mpaka ikawa nzito kama ubani, ambayo Waarabu huiita halawa. Mimi nilipofundwa, somo wangu aliniambia mume hunyolewa na mkewe na mke hunyolewa na mumewe. Alilisema kama jambo la utani na mapenzi, kazi ya wawili chumbani, kila mmoja wembe umo mkononi mwa mwenzake. Siku hizi makungwi wengine nawasikia kwenye kitchen party wanafundisha nusu tu, ile ya bibi harusi kujiandaa, na nusu ya bwana harusi wameiacha mlangoni. Limenikera siku nyingi hilo.

Halafu tusijidanganye kwamba macho ya wanaume wetu yamekubaliana. Nimewasikia wanaume wa mjini wakimsifia mwanamke mwenye malaika miguuni, wanasema wanamtia wazimu. Unywele huohuo ukihamia kidevuni, mwanamke anaitwa majina. Ukiwa kwapani ni kinyaa, ukiwa kichwani unanunuliwa kwa laki na kushonewa. Usafi haungeweza kuwa na kanuni kama hizo. Hiyo ni kanuni ya mtazamaji, na mtazamaji hubadilika.

Kinyaa alichokutumia mumeo kwa simu kina ukoo mwingine kabisa, na inafaa uujue. Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita wanawake wengi hawakuwa na habari na nywele za kwapa. Nguo zilikuwa na mikono mirefu. Kampuni ya Gillette ilikuwa inawauzia wanaume wembe wa usalama tangu 1903. Mitindo ya magauni yasiyo na mikono ilipoingia, mwaka 1915 ikatoa wembe wa kwanza wa wanawake, Milady Décolleté, na mwaka huohuo jarida la mitindo la Harper's Bazaar likatoa tangazo la dawa ya kuondolea nywele likiwa na mwanamke aliyenyanyua mkono, kwapa jeupe halina kitu. Matangazo hayakusema "tunataka kuuza". Yaliziita nywele hizo za kuchukiza. Sketi zilipopanda, zamu ikawa ya miguu. Vita Kuu ya Pili ilipochukua nailoni ya soksi kushonea miamvuli ya askari wa kuruka kutoka kwenye ndege, miguu ikabaki bila soksi na wembe ukapata kazi zaidi.

Na wewe si wa kwanza kuunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuliuzwa huko Marekani krimu iitwayo Koremlu, yenye thaliamu ndani yake, sumu ambayo ilikuwa inatumika kuulia panya. Wanawake waliopaka juu ya mdomo kuondoa vinyweleo wakapukutika nywele za kichwani, wengine neva zikaharibika, miguu ikafa ganzi. Kampuni ilifilisika mwaka 1932 kwa madai. Kisa hicho ni kimoja kati ya vilivyoisukuma serikali yao kutunga sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Wanawake hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameambiwa na kila gazeti kwamba kinyweleo ni aibu kubwa kuliko hatari.

Hiyo ya kuondoa kila kitu, kama ulivyoonyeshwa kwenye picha, ni ya juzi zaidi. Mwaka 1987 madada saba kutoka Brazili walifungua saluni Manhattan, J Sisters, wakaifanya nta ya kuondoa nywele zote kuwa jambo la mastaa. Video za utupu nazo zikaichukua, kwa sababu ambayo ni ya kamera tu: pasipo na nywele panaonekana zaidi. Intaneti ikazileta kwenye kila simu yenye bando. Kijana wa Dar anaweza kuwa ameona miili elfu ya studio kabla ya kuuona wa mkewe, kisha anaamini ule wa mkewe ndio wenye kasoro. Wanawake wa kwenye picha hizo wanalipwa, wana taa, wana mtu wa kuwapaka poda mpaka kwenye vipele vya nta, na picha yenye kipele inatupwa.

Tuje kwenye neno la rafiki yako, chombo. Watu hulitupa ovyo, lakini lina maana makini. Mwanafalsafa wa Marekani Martha Nussbaum aliandika makala mwaka 1995 akaeleza njia 7 ambazo mtu hufanywa kitu. Sitazitaja zote, tatu zinakuhusu. Ya kwanza ni kumtumia mtu kama zana ya haja yako tu. Ya pili ni kumwona kwamba anaweza kubadilishwa na mwingine wa aina yake. Ya tatu ni kuyafanya anayoyahisi yasihesabiwe.

Sasa chukua ule ujumbe wa mumeo uupime. "Ona wenzako." Wenzako gani? Hawana majina, hajui wanaishi wapi. Angeweka picha ya mwingine yeyote, ujumbe ungebaki uleule. Hiyo ndiyo ile ya pili kati ya hizo tatu, tupu kabisa. Na aliyeandikiwa ana mimba ya miezi saba, haoni miguu yake, anabeba mtoto wa huyo aliyeandika. Hakuuliza unalalaje, mgongo unaumaje, kwa nini umeacha. Hiyo ni ya tatu. Kama kuna mahali ulipofanywa chombo, mwanangu, ni hapo kwenye ujumbe. Wembe haumo. Ungeweza kuwa umenyoa vizuri kabisa na bado akakufanya chombo, na ungeweza kuwa hujanyoa mwaka mzima ukapendwa na kuheshimiwa kama mtu.

Kwa hiyo rafiki yako ana nusu ya hoja. Nusu anayokosea ni kudhani chombo kinatambulika kwa kuangalia ngozi. Akikuambia uache kunyoa ili uthibitishe kwamba uko huru, naye amekuja kukagua palepale alipokagua mumeo, amebadilisha tu jibu analolitaka.

Lakini wewe utajuaje kama unanyoa kwa hiari? Kuna mwalimu wa masomo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Breanne Fahs, aliyewapa wanafunzi wake zoezi. Wanawake waache nywele za kwapa na miguu ziote kwa wiki 10, wanaume wanyoe kuanzia shingoni kwenda chini, wote waandike yanayowapata. Kando yake alihoji wanawake wengine ambao hawakufanya zoezi, walioombwa tu wafikirie ingekuwaje. Waliofikiria wakasema ni jambo dogo la mtu binafsi, kila mtu na uamuzi wake. Waliofanya kweli wakakuta mama amekasirika, mpenzi ametoa masharti, marafiki wamecheka, na wao wenyewe wameanza kujiona wachafu hata wakitoka kuoga. Uamuzi binafsi wote uliyeyuka.

Basi jipime hivyo. Usijiulize "napenda kunyoa?", maana wengi tunapenda, mimi mwenyewe hunyoa, na nitaendelea, kwa fitra na kwa raha yangu. Jiulize siku nisiponyoa kunatokea nini. Kwa wenzi wengi hakutokei kitu, labda utani. Kwako ilitokea kununa, kinyaa, picha, na wifi akajua. Kujua kwa wifi ndiko kulikonishtua zaidi, nakwambia kweli. Mume amelitoa chumbani.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo huenda hukuliona ulipokuwa unaliandika. Unasema uliiacha krimu muda mrefu "ili iondoe vizuri". Krimu hiyo huwasha kabla haijaunguza. Bila shaka ulisikia inachoma, ukavumilia. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, walieleza mwaka 1997 kwamba msichana anayekua akitazamwa kila siku hujifunza kujitazama kwa jicho la mtazamaji, mpaka lile jicho la nje linasikika kuliko mwili wa ndani. Mwaka uliofuata, wao na wenzao wakawaweka wanafunzi mmoja mmoja chumbani, wengine wamevaa nguo ya kuogelea, wengine sweta, mbele ya kioo, hakuna mtu mwingine, wakawapa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walifanya vibaya kuliko wa sweta. Kwa wanaume haikuleta tofauti hiyo. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Walikuwa wanajitazama wenyewe, na kazi hiyo inakula akili. Wewe nawe ulikuwa chooni peke yako, paja linaungua, na bado jicho la Dar ndilo lililoshika saa.

Sasa cha kufanya.

Mumeo mpigie usiku ambao hamkugombana, usiandike meseji. Mwambie umeungua, na umeungua vipi. Usimtumie picha ya kidonda hata akiomba, simu huibiwa. Mwambie picha za wanawake wengine asikutumie tena, kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka, na bila kulia kama unaweza. Halafu mwambie hivi: "Mimi sioni chini, wewe unaona. Ukija mwisho wa mwezi njoo na mashine, utaninyoa wewe, na mimi nitakunyoa wewe." Sisemi hivyo kwa mzaha. Ndivyo tulivyofundwa, na atakapopiga magoti mbele ya tumbo hilo na kuona unavyoshindwa hata kukaa vizuri, atajua alichokuwa anakuomba ukifanye peke yako. Nimewaona wanaume wengi wakilainika kwa kupewa kazi kuliko kwa kupewa hotuba.

Kidonda kiwe kimepona kabisa kwanza. Kisha tumieni mashine ya kinyozi yenye kichanio, ile inayoacha nywele fupi bila kufika kwenye ngozi. Inatosha kwa mnachokitafuta, na haileti vipele. Siku moja utakapotaka wembe, uwe mpya na wako peke yako. Ukichangia wembe unaweza kuchangia homa ya ini au VVU. Lainisha nywele kwanza kwa maji ya uvuguvugu na povu, fuata upande nywele zinakolalia, usirudie palepale mara mbili tatu.

Akicheka pendekezo hilo, au akinuna tena, hapo tatizo lenu halina uhusiano na nywele, na itabidi mtafute mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, awe mshenga wenu au mzazi. Akikulazimisha au kukutishia, usimngoje mshenga. Nenda ustawi wa jamii.

Wifi mjibu kwa adabu, ni ndugu. Mwambie, "Wifi, hadithi nimeisoma, ahsante. Na kaka yako naye siku zake 40 zimefika, nimkumbushe au utamkumbusha wewe?" Atacheka, au atanyamaza. Yote mawili ni sawa.

La mwisho ni manesi. Nimekaa leba zaidi ya nusu ya maisha yangu. Wanawake wengi, uchungu umewakamata, njia imefunguka sentimita saba, sentensi yao ya kwanza nikiinua kanga ni hii: "Nisamehe nesi, sikuwahi kunyoa." Yuko katikati ya kazi kubwa kuliko zote, na bado anaomba radhi kwa jinsi anavyoonekana. Wengine wamefika wamejikatakata usiku huo na wembe wa zamani, kwa kupapasa tu, maana hawaoni kama wewe usivyoona.

Kosa si lao peke yao. Sisi manesi tuliwafundisha. Zamani hospitali zilinyoa kila mjamzito kwa kuamini nywele huleta maambukizi. Utafiti uliofanyika Marekani tangu mwaka 1922 ulionyesha kwamba walionyolewa na wasionyolewa hawakutofautiana, lakini desturi iliendelea kwa miongo mingi kwa mazoea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linasema wazi kwamba kumnyoa mama kwa utaratibu wa kawaida kabla ya kujifungua hakupendekezwi. Hata kwa upasuaji, mwongozo wao wa mwaka 2016 unasema nywele zisiondolewe, na kama ni lazima zikatwe kwa mashine, wembe usitumike, kwa sababu mikwaruzo yake inaongeza hatari ya kidonda kupata maambukizi. Kwa hiyo usinyoe nyumbani kwa kujiandaa na leba. Nesi akikusema, na wapo watakaosema, mjibu kwa upole kwamba mkunga amekukataza, kisha endelea kupumua.

Mkobani weka kadi ya kliniki, kanga safi na pamba, pamoja na vifaa watakavyokuandikia kliniki. Ukikuta wembe kwenye orodha yao, huo ni wa kukatia kitovu cha mtoto. Uje nao ndani ya karatasi yake, haujafunguliwa.